ZILE POSTIKADI ZA MASTAA WA REDIO: NANI HASA ALICHANGA?

Nimekuwa kimya kwa sababu mnazozijua, majaribio mawili ndani ya wiki moja na bumu halijaingia, lakini leo nina dukuduku na lazima nilitoe.

Kuna jamaa hapa hosteli ana ugonjwa wa kukusanya vitu vya kale. Alianza na stempu, akaja sarafu, akaja noti zilizokwisha muda, na siku hizi kahamia kwenye postikadi za wachekeshaji na watangazaji wa redio wa zamani, hasa wale waliokuwa wakichangisha pesa za wagonjwa. Chache anazo mkononi, nyingi anazo kama picha tu kwenye kompyuta. Kila akinionyesha moja anasema, "Ona watu walivyokuwa na roho nzuri enzi hizo." Mimi nimemwambia, na nyie nawaambia: hizo kadi ni nzuri, zitunzwe, lakini zinadanganya. Zinaonyesha uso wa mtu mmoja, wakati kazi imefanywa na watu mamilioni ambao hakuna aliyewapiga picha.

Tuanze na kadi zenyewe. Redio haina sura. Unamsikia mtu kila jioni, anakuchekesha, unamzoea kama mjomba wako, lakini ukipishana naye barabarani humjui. Ndo maana redio na postikadi zilipendana mapema. Miaka ya 1920 redio ilipokuwa inaenea Marekani, vituo havikujua nani anasikiliza, basi wasikilizaji wakawa wanatuma kadi za pongezi, yaani kama makofi kwa njia ya posta. Unaandika umempenda msanii gani, kwenye kipindi gani, unabandika stempu, unatuma. Kituo nacho au msanii mwenyewe anakurudishia picha yake, mara nyingi yenye ukubwa wa postikadi, na saini imeshachapwa hapohapo. Miaka ya 1930 stempu ya postikadi kule ilikuwa senti 1 tu, kwa hiyo hata mtu aliyechoka kimaisha aliweza kushiriki.

Na tusicheke, maana sisi tuna kadi za salamu. Nani hapa hana baba mdogo aliyekuwa ananunua kadi dukani, anajaza majina ya mashemeji, majirani na wote wanaomfahamu, anaituma kituoni, halafu wiki kadhaa sikio liko kwenye redio akisubiri asikie jina lake? Mambo ni yaleyale.

Sasa, katika hawa mastaa wa kadi, wa kuzungumziwa zaidi ni Eddie Cantor. Huyu alizaliwa New York mwaka 1892, familia ya Kiyahudi maskini, akabaki yatima akiwa mdogo na kulelewa na bibi yake. Akawa mchekeshaji wa jukwaani, akapata hela, akapoteza sehemu kubwa ya hela hizo soko la hisa lilipoanguka mwaka 1929, akainuka tena kwa redio kuanzia 1931. Katikati ya miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa sauti zilizosikilizwa kuliko zote Marekani.

Wakati huohuo rais wa nchi alikuwa Franklin Roosevelt, mtu aliyepooza miguu mwaka 1921 akiwa na miaka 39. Ugonjwa wenyewe polio. Wananchi walijua aliugua, lakini picha za rais kwenye kiti cha magurudumu zilikuwa adimu mno, na kwenye redio miguu haionekani. Januari 1938 likaanza kazi shirika la taifa la kupambana na polio, na Cantor ndiye aliyelipa changisho lake jina: March of Dimes. Daimu ni sarafu yao ya senti 10. Jina lilikuwa utani wa kucheza na maneno, kwa sababu kulikuwa na kipindi maarufu cha habari kilichoitwa The March of Time. Ukitaka kwa Kiswahili sema Maandamano ya Senti Kumi Kumi.

Ombi lake kwa wasikilizaji lilikuwa rahisi sana. Chukua daimu moja, tia kwenye bahasha, mpelekee rais Ikulu. Basi! Hapakuwa na kadi ya mwaliko wala meza ya wageni maalumu. Siku za mwanzo bahasha zilikuja kwa kudonadona, watu wakaanza kuona aibu. Halafu ghafla mafuriko. Chumba cha barua cha White House kikazidiwa, magunia juu ya magunia, na barua za kikazi zikapotelea humo. Walipomaliza kuhesabu wakakuta daimu 2,680,000, yaani dola 268,000.

Hapo nataka tusimame kidogo, maana ndipo hoja yangu ilipo. Hebu fikiri bahasha moja tu. Stempu ya barua wakati ule ilikuwa senti 3. Kwa hiyo mtu alitumia senti 3 kutuma senti 10, kwenye kipindi cha uchumi mgumu, wakati daimu ilikaribia bei ya mkate mmoja. Mtu huyo alitafuta bahasha, akaandika anwani, akatembea hadi kwenye sanduku la posta. Halafu zidisha hiyo safari. Mamilioni ya daimu, na wengi wa waliozituma hawakupata picha yoyote kwenye kadi yoyote. Baadaye shirika likaanza kugawa kadi ngumu zenye vitundu vya kuchomekea daimu, ukishajaza unairudisha. Mimi zile kadi za vitundu nazithamini kuliko za mastaa, kwa sababu kwenye kile kitundu ndipo ilipokaa sarafu ya mama fulani aliyekuwa anaogopa mwanawe asiamke kapooza.

Na hofu ilikuwa ya kweli. Mwaka 1952 peke yake Marekani ilipata wagonjwa wa polio zaidi ya 57,000, na zaidi ya 3,000 wakafa. Kuna watoto waliolazwa ndani ya mapipa ya chuma yanayowasaidia kupumua, kichwa tu ndo kiko nje. Pesa za daimu zililipia matibabu na zikalipia utafiti. Mwaka 1954 watoto wapatao milioni 1.8 wakashiriki majaribio ya chanjo ya Jonas Salk, na tarehe 12 Aprili 1955 ikatangazwa kwamba chanjo inafanya kazi. Ilikuwa imetimia miaka kumi kamili tangu Roosevelt afariki.

Mwingine atasema, haya ya Wamarekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, ndugu yangu. Shirika lilelile lilimfadhili pia Albert Sabin, yule wa chanjo ya matone. Kamwombe mama kadi yako ya kliniki, ile iliyochakaa iliyohifadhiwa pamoja na vyeti. Utakuta humo polio: ulipozaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14. Yale matone mdomoni yana asili yake kwenye bahasha zile. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikathibitishwa kuwa haina tena polio ya virusi vya asili, na mwaka 2022 virusi hivyo vilipoingizwa tena Malawi na Msumbiji kutoka nje, nchi za jirani, na sisi tukiwemo, zikakimbizana nyumba kwa nyumba na chupa za matone. Kwa hiyo senti 10 za mtu asiyejulikana zimetembea mpaka kwetu. Sijui kama kuna postikadi inaweza kuonyesha hilo.

Sasa tuigeuze kadi, tusome nyuma.

Huyu Cantor mwenye macho makubwa na tabasamu, sehemu ya umaarufu wake ilitokana na kujipaka rangi nyeusi usoni na kuwaigiza watu weusi ili wazungu wacheke. Yamo hata kwenye sinema zake za miaka ya 1930. Na kule Warm Springs, Georgia, kwenye kituo cha matibabu alichokianzisha Roosevelt, wagonjwa waliopokelewa walikuwa weupe tu. Mtoto mweusi mwenye polio hakupokelewa, ingawa mama yake alikuwa na redio na daimu kama wengine. Watu weusi wakapiga kelele, na Januari 1941 kikafunguliwa kituo cha polio cha watu weusi pale Tuskegee, Alabama, kwa fedha za shirika lilelile. Ni chuoni Tuskegee hapohapo, kuanzia 1953, zilikozalishwa kwa wingi seli za Henrietta Lacks kwa ajili ya kupima chanjo ya Salk. Huyo ni mama mweusi aliyefariki mwaka 1951, seli zake zilichukuliwa hospitalini bila yeye kuombwa ridhaa. Yeye hakutoa senti 10, alitoa mwili wake bila kujua. Postikadi yake wakati ule haikuwepo.

Je, nasema tuchane kadi za Cantor? Hapana. Mtu ni mambo mengi. Mwaka 1939 huyohuyo Cantor alisimama hadharani kumlaumu padri Coughlin, aliyekuwa akieneza chuki dhidi ya Wayahudi kupitia redio, na Cantor akampoteza mdhamini wake na kukaa nje ya redio karibu mwaka mzima. Alilipia msimamo wake, hilo nalo liandikwe. Ninachokataa ni ile tabia ya kuitazama kadi kana kwamba ni cheti cha utakatifu.

Kama unaona natia chumvi, nenda Uingereza. Mastaa wa Radio 1 ya BBC nao walikuwa na kadi zao za picha na saini, mashabiki wanaandika barua wanatumiwa. Mmoja wao alikuwa Jimmy Savile, aliyeanza hapo mwaka 1968. Huyu alichangisha mamilioni ya pauni, hasa kwa kituo cha wagonjwa wa uti wa mgongo cha hospitali ya Stoke Mandeville, kilichofunguliwa mwaka 1983. Alikuwa anakimbia marathoni, anasukuma vitanda vya wagonjwa, kila mtu anampenda. Mwaka 1990 akapewa heshima ya kuitwa Sir. Akafa Oktoba 2011 akazikwa kishujaa.

Oktoba 2012 mambo yakafumuka. Kumbe kwa miaka mingi alikuwa akiwadhalilisha kingono watoto, wagonjwa na wafanyakazi. Ripoti ya mwaka 2015 ilisema pale Stoke Mandeville peke yake waathirika ni 60. Na linaloniumiza zaidi ni kwamba walikuwepo waliolalamika wakati uleule, na malalamiko hayakufanyiwa kazi. Ungemgusa vipi mtu anayeleta mamilioni? Pale hospitalini alikuwa na ofisi yake na chumba cha kulala. Kwenye hospitali nyingine, Broadmoor, alikuwa na funguo. Picha zake akiwa na watoto wagonjwa zilikuwa ndo ngao yake. Sasa nambie, mtu aliyezitunza zile kadi zake kwa mapenzi alikuwa ametunza nini?

Wengine watasema, basi yanatosha, mastaa wote wafukuzwe kwenye michango. Hapa ndo natofautiana nao. Bila sauti ya Cantor zile bahasha zisingekuja, tusidanganyane. Mtu wa kawaida hawezi kuongea na nchi nzima usiku mmoja. Tofauti ninayoiona kati ya changisho la daimu na yale ya Savile sio kwamba huyu alizaliwa malaika na yule shetani. Tofauti ni nani alishika nini. Cantor alisema tu, "Pelekeni kule." Daimu hazikupita mfukoni mwake, zilihesabiwa na watu wengine, zikatumiwa na shirika lenye matawi yake, na wanasayansi ndo waliamua zitafitiwe vipi. Savile yeye alipewa kuchangisha, akapewa kusimamia, akapewa na chumba na funguo. Sauti na funguo vikikaa kwa mtu mmoja, mgonjwa hana pa kukimbilia.

Haya, turudi nyumbani, maana hili si somo la historia. Mnajua kuna mwenzetu wa mwaka wa pili anahitaji matibabu makubwa na kamati inakusanya pesa. Sitaji jina lake, wanaomfahamu wanamfahamu. Nimesikia kuna wazo la kumwalika mtangazaji maarufu, tuchapishe kadi zenye picha yake akiwa amemshika mkono mgonjwa, tuziuze buku mbili mbili. Nusu ya kamati wanashangilia, nusu wamenuna. Na wanaonuna wana sababu. Mwaka juzi palifanyika tamasha la namna hiyo kwa ajili ya kituo kimoja cha watoto, staa akaja na msafara, tukapiga picha na ile hundi kubwa ya maboksi, watoto wakapangwa mstari wa mbele wakiwa wamechapwa na jua. Mpaka leo sisi tuliochanga hatujasomewa mapato na matumizi. Sisemi kuna aliyekula. Nasema hatukuambiwa, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu afunge pochi.

Mapendekezo yangu kwa kamati ni haya:

Moja, mtangazaji aje. Atumie sauti yake redioni, aseme namba ya kuchangia, aseme kiasi kidogo ambacho hata aliyekopa nauli anaweza. Cantor hakuomba dola, aliomba daimu. Sisi tuombe mia tano kwa simu.

Mbili, pesa ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya watia saini watatu, na staa asiwe mmoja wao. Wala mwenyekiti wa kamati asiwe peke yake.

Tatu, mgonjwa asiwe pambo. Kama hataki sura yake iwe kwenye kadi, isiwe, na asibembelezwe. Mtu akiwa kitandani anadaiwa na hospitali, ile "ndiyo" yake haina uhuru wowote. Na mgeni, awe nani, asiachwe naye peke yake chumbani kwa heshima ya ustaa.

Nne, kila Ijumaa kibandikwe karatasi kwenye ubao wa matangazo pale kafeteria: zimeingia shilingi ngapi, kutoka kwa watu wangapi, zimetoka ngapi, zimelipia nini. Namba ya watu ni muhimu kuliko jina la mtu. Nataka kuona "wamechanga 1,312", sio "kwa hisani ya fulani".

Na kadi? Kadi zichapwe kama watu wanazitaka, mimi mwenyewe nitanunua. Ila badala ya uso wa mtangazaji nashauri tuchape mkono unaodondosha sarafu, au foleni ya wanafunzi, au hata ile kadi ya kliniki tuliyokua nayo wote. Jamaa yangu wa hosteli anasema kadi kama hiyo haitakuwa na thamani kwa wakusanyaji baadaye, kwa sababu hakuna maarufu ndani yake. Nikamjibu kwamba hatuchapishi kwa ajili ya wakusanyaji wa miaka hamsini ijayo, tunachapisha ili mwenzetu apone mwaka huu.

Najua kuna watakaosema nina wivu na mastaa. Semeni. Lakini kabla hamjasema, kila mmoja ajiulize swali moja: mara ya mwisho ulipochanga, unajua pesa yako ilifanya nini? Kama unajua, hongera, waambie na wengine mlifanyaje ili tuige. Kama hujui, basi tuna kazi ya kufanya kabla ya kuchapisha picha ya mtu yeyote.

Kikao cha kamati ni Jumatano saa kumi na moja jioni. Njooni mbishe huko. Nawasilisha.